Kikosi Kilichoongozwa na Marehemu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua mtayasoma mkiwa mmelala chali, simu juu ya pua, kidole kinatafuta pa kurukia. Msiruke. Nimeyaandika kwa kalamu siku tisa, na mjukuu wangu ameyanakili na kuzinyoosha herufi zangu. Maneno sikumruhusu kuyagusa. Kama Kiswahili changu kina mabonde, mjue nilikiokota kambi ya wachimba shaba kule Kilembe, ambako Mkonzo, Mtoro, Mluo na Mkongo walilazimika kuelewana kabla jiwe halijawaangukia. Kilikuwa Kiswahili cha kusema "toka" na mtu akatoka. Maua hayakuwemo.

Sitafuti huruma yenu. Naandika kwa sababu mwezi uliopita kikosi cha maskauti cha kanisa letu hapa Bwera kilikufa, na hakuna aliyelia. Mbuzi wa jirani alipogongwa na lori linalokwenda mpakani Mpondwe, watu walikusanyika mpaka njia ikafungwa. Kikosi kimekufa na kila mtu alikwenda kwake kula.

Enzi zetu, kule Kilembe, jua lilichelewa kufika. Bonde lile ni jembamba, milima imesimama pande zote mbili, kwa hiyo siku tuliisikia kabla ya kuiona. Kwanza king'ora cha mgodi. Halafu viatu vya zamu ya asubuhi vikikwaruza changarawe. Na chini ya hayo yote mto Nyamwamba ukivingirisha mawe yake, kama mwanamke mwenye hasira anayeosha masufuria. Nyumba za kampuni zilipangwa mstari na zilifanana mno, hata jirani yetu mmoja akitoka kunywa aliingia kwa wenyewe akalala, na mwenye nyumba akamfunika blanketi, asubuhi akampa chai. Tulikula viazi vitamu vya jana vilivyokauka pembeni, tukavisukuma kwa chai ya rangi. Mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, tukicheza kwepena mpaka mtu apigwe mgongoni, na ukipigwa umepigwa. Hakuna mzazi aliyekuja kuuliza nani kampiga mwanangu.

Siku za shule mama alituvuta miguu ndipo tuamke. Jumamosi tulimwamsha yeye. Jumamosi ilikuwa siku ya maskauti.

Skafu zetu tulizishona wenyewe kwa mifuko ya unga, na ukitazama vizuri ungeona bado maandishi ya kiwanda yamefifia shingoni mwa mtoto. Kwa sheria ya maskauti wasichana walipaswa kuwa na kundi lao na mama wao wa kuwaongoza, lakini mama wa namna hiyo hakupatikana, maana wote walikuwa na watoto mgongoni. Akatuchukua sote Bwana Masereka.

Huyu Bwana Masereka alikuwa kijana bado, hajafika hata miaka ishirini na tano, mfupi, mwenye sauti ndogo. Hakuwahi kutupigia kelele. Ilibidi tunyamaze ndipo tumsikie. Kazi ya kikosi alijitolea. Kazi yake ya kula ilikuwa karani wa vibati pale mlangoni mwa shimo. Nitaeleza, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa chochote.

Kila mchimbaji alikuwa na kibati chake chenye namba, kimetundikwa kwenye ubao. Akiingia shimoni anakichukua, akitoka anakirudisha kwenye msumari wake. Zamu ikiisha, karani anautazama ubao. Msumari ukiwa mtupu, basi kuna mtu bado yumo ndani ya mlima, na hakuna wa zamu ile atakayekwenda nyumbani mpaka ijulikane yuko wapi. Haijalishi ni mzuri au mbaya, Mkonzo au mgeni. Hata kama ni mlevi aliyepita na kibati mfukoni, watamfuata mpaka kitandani kwake wamwamshe, wamtukane, ndipo wengine waende kula.

Bwana Masereka aliuleta utaratibu ule kwetu watoto, ila akaugeuza. Alikata vifuniko vya makopo ya maziwa, akatoboa tundu, akakwaruza jina la kila mtoto kwa msumari. Ukifika Jumamosi unachukua kibati chako unakivaa shingoni. Kibati kitakachobaki ubaoni, mwenyewe hajafika. Basi wawili wanatumwa nyumbani kwake kumuuliza, na sisi wengine wote tunasimama mstarini tukiwasubiri. Hakuna wimbo, hakuna mchezo, hakuna kufunga kamba. "Hatuanzi mpaka tujue aliko," alisema, kwa ile sauti yake ndogo. Tulisimama. Jua likishapata kuingia katika bonde lile linapiga kama fundi bati. Siku moja tulisimama mpaka mtoto mmoja akaanguka, na aliyetafutwa akakutwa juu ya ukuta wa msimamizi anaiba matunda ya pasheni. Alipoletwa hatukumpiga. Tulimtazama tu. Hakukosa tena.

Siku nyingine waliotumwa walirudi wakikimbia, wakasema fulani anatetemeka kwa homa na mama yake yuko shambani mlimani. Tulichukua miti miwili, wavulana wakavua mashati, tukapitisha miti mikononi mwa mashati, tukapata machela. Tulimbeba mpaka hospitali ya Kilembe tukiwa tunabadilishana kila mlingoti wa umeme. Mkubwa wetu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nesi aliuliza, "Mzazi yuko wapi?" Tukasema, "Sisi ndio tumemleta." Akaandika hivyo hivyo.

Nilipofika darasa la nne mama alijifungua mapacha. Dada zangu wawili walikuwa wameolewa. Baba alinitazama nikiwa na daftari akasema, "Jina lako unajua kuliandika. Inatosha." Sikubishana. Watoto wa wakati ule hawakubishana na baba. Nyinyi mnabishana hata na kituo cha polisi. Nilivua sketi ya shule nikaikunja, na wiki ile ilipoisha mdogo wangu alikuwa tayari anaivaa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa bombani nafua nepi. Pacha mmoja mgongoni, mwenzake kwenye beseni tupu pembeni. Baba alikuwa amekaa kwenye kizingiti anakula, amevua viatu. Wakaja wawili, mvulana aliyevaa shati la baba yake na msichana wa nyumba ya nne. Wakasimama mguu sawa mbele ya baba yangu.

"Afande, tumetumwa kumtafuta Kabugho."

"Kwani amepotea? Si huyo hapo anafua."

"Ndiyo, afande. Lakini kibati chake kiko ubaoni."

Baba aliacha kutafuna. Nyinyi hamjui, lakini mtu wa shimoni ukimwambia habari ya kibati, umemgusa mahali. Alitazama kule chini walikokuwa watoto, ingawa kutoka kwetu hawaonekani.

"Wangapi wamesimama?"

"Wote, afande."

"Juani?"

"Juani."

Baba akanawa mikono taratibu. Akamtoa pacha kwenye beseni akamkalisha pajani, kitu ambacho sikuwa nimemwona akifanya tangu nizaliwe, ingawa alimshika vibaya, kichwa chini, kama mtu anayeshika kuku. Akaniambia, "Nenda. Zamu nzima haiwezi kusimamishwa na nepi. Na huyo wa mgongoni nenda naye, mimi nina mikono miwili tu."

Nikaenda na pacha mgongoni. Na Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Yule pacha alijifunza kusinzia watu wakiimba. Bwana Masereka hakunipa pole, hakuniuliza kwa nini. Alinipa kalamu. Wengine walilalamika kwamba mwandishi wa kikosi anapaswa kuwa mtoto wa shule. Akawajibu, "Nyinyi mnaandika siku tano. Yeye anaandika Jumamosi tu, kwa hiyo ataandika yeye." Nikawa mwandishi. Niliandika nani hakuja, sababu gani, ametembelewa na nani, amesemaje. Nikikosea, alinifutia kwa mate na kidole, nikaandika tena. Kila neno mnalosoma hapa nililipata katika daftari lile la wasiofika. Sikupata shule nyingine.

Tulijua mengi, mimi sioni haya kusema. Tulijua fundo la kumfunga mbuzi asijinyonge. Tulijua kuwasha moto kwa njiti moja hata kuni zikiwa na umande, na ukitumia njiti ya pili ulilala bila chai. Tulitembea kwa miguu kutoka Kilembe mpaka Muhokya kupiga kambi, tukishuka kutoka baridi ya bonde kwenda joto la tambarare, vumbi la majani makavu linawasha pua, na usingizini ukisikia fisi upande wa mbuga unamshika mwenzako mkono na asubuhi wote mnakana. Maharagwe yalikuwa na mchanga. Tulikula na mchanga wake. Nyinyi leo mnajua kufungua simu ya mtu aliyelala kwa kumwekea kidole chake mwenyewe, lakini nikiwapa kamba mnifungulie fundo mnaomba kisu.

Niliolewa huku Bwera. Mgodi ukafungwa, watu wakasambaa, na Bwana Masereka, ambaye kwao ni huku huku, akarudi na sanduku moja, mke, na ubao wake. Wiki ya pili akaja kwangu. Nilikuwa na watoto wanne wakati huo. Hakuketi. Akasema, "Kabugho, Jumamosi naanza pale kanisani. Wako wanne nimeshawakatia vibati." Hakuwa ameuliza. Na mimi nikawa mpishi wa kambi na wa kufunga vidonda, bila mtu kunichagua. Ilikuwa hivyo miaka mingi. Watoto wangu wote walipita pale, na mkubwa wao, Baluku, alifikia kuwa mkuu wa kikosi kidogo cha watoto wanane. Nilimwona akiwa na miaka kumi na minne anawatuma wawili kumtafuta mtoto wa Kikongo aliyekuwa amehamia juzi tu na wazazi wake kutoka Beni, hajui hata njia ya kisima. Nilisema moyoni, huyu ataendelea. Mama hukosea.

Bwana Masereka alifanya kazi ile mpaka meno yakamtoka. Siku za mwisho alikaa kwenye kiti na watoto wakamsogezea sikio. Alikufa Alhamisi, miaka sita iliyopita, na Jumamosi tukamzika.

Hapo ndipo tulipokosea, na naandika "tulipokosea" kwa sababu nami nilikuwepo.

Kwetu mtu akifa, kiti chake hakikaliwi mpaka matanga yamalizwe. Watoto wake wote wakae pamoja, wale, mrithi atajwe, ndipo mtu ashike alichoacha. Mtoto mkubwa wa Bwana Masereka anaishi Butembo, huko Kongo. Mara barabara ya Beni ina risasi. Mara ugonjwa umefunga mpaka. Mara mpaka umefunguliwa lakini kakao yake haijauzwa. Na hawa walioko huku wakaanza kugombania matanga yafanyike kwa nani. Mwaka ukapita, wa pili ukapita.

Sasa kila mwaka kikosi kinajaza karatasi inayopelekwa kwa wakubwa wa maskauti, na karatasi inataka jina la kiongozi. Mwandishi wa kamati ya kanisa akauliza, "Tumwandike nani?" Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Matanga bado. Jina la mzee libaki palepale." Na saini? Saini wakaichora, ile yake yenye mkia mrefu, kijana mmoja aliiweza sana. Nilikuwa nimekaa pale. Niliona ni heshima. Nikatikisa kichwa kukubali. Mimi niliyefundishwa kuandika nani hayupo, nilikubali tuandike kwamba yupo.

Heshima ile ilimfaa kila mtu. Ukimwomba mwanaume mzima aje Jumamosi moja tu kuwafundisha watoto, anashika kifua: "Mama, mimi nikalie kiti cha marehemu? Si nitaitwa mchawi." Kisha anarudi kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya mpira wa Ulaya. Miaka sita Jumamosi zile nilizishika mimi na magoti yangu. Watoto thelathini wakawa ishirini. Ishirini wakawa tisa. Ubao ukajaa vibati ambavyo havikuguswa.

Nilijaribu kuwatuma wawili wawili, kama zamani. Wakarudi. "Amesema tuseme hayupo," wakaniambia. "Kwani mmemwona?" nikauliza. "Tumemwona, anatazama video. Ametupungia mkono." Nyumba nyingine mama alitoka na mwiko: "Nani amewatuma kuchunguza nyumba yangu? Mnatafuta nini kwa watu?" Akaja mpaka kwangu, mwanamke ambaye mimi mwenyewe nilimbeba mgongoni, akaniambia nisimtumie watoto wa watu mlangoni, siku hizi dunia imeharibika, hujui nani anapeleleza nini. Nilimuuliza, "Mwanao akikosekana siku tatu, ungependa nani agundue?" Akasema, "Mimi niko na simu." Mwanawe pia ana simu. Wanaishi nyumba moja na wanatumiana ujumbe kuitana kula.

Mwaka huu barua ikaja. Katekista aliisoma mbele baada ya misa, bila kuipitia kwanza, ndiyo tabia yake. Wakubwa wa maskauti walimpongeza Bwana Masereka kwa utumishi wake wa muda mrefu usiochoka, na wakamwalika Kasese kwa mafunzo ya siku tatu. Aje na picha mbili za pasipoti.

Watu walicheka. Kisha wakaacha, kwa sababu mjane wake alikuwa benchi la pili. Hakugeuka. Alikuwa ameshika rozari, akaendelea kuishika.

Sehemu ya chini ya barua haikuwa ya kuchekesha. Viongozi wote wanahakikiwa upya. Asiyefika, au asiyetoa jina la wa kushika nafasi yake kabla mwezi haujaisha, kikosi chake kitafutwa kwenye orodha. Na kikosi kikiwa hakimo kwenye orodha, hakuna mtu anayeruhusiwa kuwakusanya watoto wa wengine kwa jina hilo.

Jumapili iliyofuata tulibaki kanisani kwa mkutano. Niliwahesabu wanaume waliowahi kufunga skafu pale: kumi na wanne, wote wana afya, wengine wana vitambi. Katekista akauliza nani atashika Jumamosi.

Wa kwanza akasema, "Mi niko na boda, Mama. Jumamosi ndiyo abiria banatoka." Wa pili akasema yeye anaweza kuwa mshauri. Wa tatu akasikia neno hilo likampendeza, naye akawa mshauri. Kabla robo saa haijaisha tulikuwa na washauri saba. Mwingine akasimama kwa heshima zote akapendekeza tufungue grupu ya WhatsApp kwanza. Ikafunguliwa palepale, wakaiwekea picha ya marehemu na mshumaa unaowaka, na simu zikaanza kulia kanisa zima: fulani ameongezwa, fulani ameongezwa. Fulani amejitoa.

Nikasema, "Baluku, simama."

Mwanangu akasimama. Ana miaka arobaini na sita, ana duka la vitenge.

"Mama, unajua mimi ni mutu ya biashara."

"Soko la Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa. Jumamosi unamuuzia nani?"

Watu wakacheka, naye akacheka. "Jumamosi napumzika, Mama."

"Bwana Masereka alipumzika lini?"

"Si ndiyo maana alikufa."

Kanisa lilicheka. Nadhani hakukusudia. Aliuona mgongo wa yule mjane, akafunga mdomo, akakaa. Lakini neno likishatoka limetoka, na hakuna hata mmoja katika wale kumi na wanne aliyesimama kuliondoa hewani.

Nikasema, "Basi niandikeni mimi."

Wanawake wachache wakapiga makofi. Mwandishi wa kamati, kijana mpole, akafungua karatasi akapitisha kidole. Akauliza kwa sauti ya chini kama anauliza ugonjwa wa siri, "Mama Baluku, uliishia la ngapi?"

"La nne."

"Hapa wanataka cheti cha sekondari. Na barua pepe."

Nikamwambia nimezishika Jumamosi hizi miaka sita. Nikamwambia nilikuwa mwandishi wa kikosi kabla baba yake hajazaliwa. Akasema anajua, Mama, ila karatasi haina mahali pa kuandika hayo. Alinionyesha. Kweli hapakuwa na mahali. Katekista akanishika bega, akaniambia kama unavyombembeleza mgonjwa, "Wewe endelea tu kutusaidia kupika."

"Nimpikie nani?" nikamuuliza. Alicheka kidogo, akidhani ni mzaha.

Mwezi uliisha siku ya Ijumaa. Jumamosi nilikwenda, kwa sababu nilijua kuna watakaokuja bila habari. Walikuja watatu. Niliwaambia kikosi hakipo tena, waende nyumbani. Mmoja wao, msichana mwenye pengo mbele, akasimama mguu sawa, maana hilo nilikuwa nimemfundisha, akaniuliza, "Tumekosa nini?" Nikamwambia hawajakosa. Akasubiri nimwambie aliyekosa. Sikumwambia. Nikafunga mlango wa stoo na kumpa katekista ufunguo.

Wengine watasema mwanamke huyu analilia utoto wake. Utoto wangu ulikuwa na njaa, na mchanga kwenye maharagwe, na darasa la nne ndilo lilikuwa mwisho wake. Siulilii. Nalilia jambo moja: enzi zile mtoto mmoja akikosekana, thelathini walisimama juani. Baba yangu, mtu mgumu, aliacha chakula chake kwa sababu ya kipande cha bati kilichobaki kwenye msumari. Leo mna simu inayoonyesha mtu alipo mpaka kwenye ramani, nukta ya buluu inatembea, na mtu anaweza kukosekana mwezi mzima na nukta yake inatembea. Mnaiona, mnasema yupo.

Na msidhani lawama naziweka kwenu peke yenu. Nyinyi ni watoto. Hakuna mtoto aliyewahi kujikatia kibati. Waliokuwa na mkasi ni wale kumi na wanne. Mimi niliwapikia hao, niliwafunga vidonda, na mmoja wao nilimzaa. Kama kuna kitu tuliwafundisha, sikioni kiko wapi. Labda tuliwafundisha mafundo tu.

Jumapili iliyopita tulikula pamoja hapa kwangu, Baluku na mke wake na watoto wao, na ndugu zake wawili. Kulikuwa na bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani. Baluku alikuwa ameshiba na moyo wake mweupe. Akajinyoosha, akamvuta mtoto wake mdogo akaanza, "Sisi enzi zetu, wewe, nikiwa skauti, nilivusha watoto wanane mto umefurika, kwa kamba moja." Watoto wakamsogelea, macho yamewatoka. Ndugu zake wakaanza kuongeza, huyu anakumbuka kambi, yule anakumbuka njiti moja ya kiberiti. Walisimulia vizuri. Hata mimi nilianza kutabasamu, mpaka yule mdogo akamuuliza baba yake, "Na mimi nitaanza lini?" Baluku akamwambia, "Hizo zilikuwa zamani," akanyoosha mkono kuchukua samaki mwingine.

Niliweka bakuli chini. Mke wake aliniona uso, akaacha kupakua.

Nikasema, "Kuanzia leo, katika nyumba hii, mtu asimwambie mtoto kwamba aliwahi kuwa skauti. Wewe Baluku, na ndugu zako, na mimi pia. Mmesikia? Haya, kuleni."